Manispaa ya Bata

Kituo cha basi kilicho mbele ya nyumba yangu, ukishaipita Nyololo, kinaitwa Manispaa. Kondakta akipiga kelele, "Manispaa, wa kushuka!" abiria wageni huchungulia dirishani wakitafuta ghorofa. Wanachoona ni mahindi, mbuzi wa jirani, na mimi nimekaa kwenye kigoda napepeta maharage.

Hapa si manispaa. Hapajawahi kuwa. Jina hilo lilitokana na posa yangu, na kwa kuwa katika wote waliokuwapo siku ile nimebaki mimi na jiwe la kusagia, basi nieleze mimi, maana jiwe halisemi.

Majina ya watu sitayaandika. Si kwamba nimeyasahau. Shule niliishia darasa la pili, halafu kisomo cha watu wazima kikanisukuma mbele kidogo, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki tena. Ninalo jina la kila aliyeketi uani kwetu siku ile, la baba yake, na la mbwa wake kama alikuwa naye. Lakini waliokufa hawapendi kuitwaitwa ovyo, na watoto wao walio hai ni wakwe zangu. Tuwaache.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, tulipokuwa tumeshahamishwa kutoka mabondeni na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari kama mahindi. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ubalozi ule aliuvaa kama koti. Akikohoa, watoto wa nyumba zote kumi walinyamaza.

Mimi nilikuwa mchuma chai. Njia ya kutoka chai kurudi nyumbani ilipita kwenye kitalu cha miche ya misindano, ile misonobari ambayo Wazungu wa Norwe walikuwa wanaipanda milimani. Pale kitaluni alikuwapo kijana wa kumwagilia maji. Kijana huyo alikuwa ametoka Norwe.

Habari yake ilikuwa hivi. Mzungu mmoja wa miti alimpenda kwa bidii yake, akaomba apelekwe kwao akasomee mbao: kupasua, kukausha, kupanga. Wakaondoka. Walipofika huko, chuo kikawa kimejaa, wakaambiwa wasubiri. Yule Mzungu akasema, basi twende kwanza kwa mama yangu. Mama yake alikaa kwenye kisiwa, baharini kabisa, juu kaskazini, mahali pa upepo mtupu pasipo na mti hata mmoja. Hata mti wa kujinyongea, alivyokuwa akisema mwenyewe, usingeupata. Huko ndiko mtu aliyetumwa kusomea mbao alikokaa kiangazi kizima na kipupwe kizima, akijifunza kuanika samaki kwenye vichanja. Chuo hakikupata nafasi mpaka viza yake ilipokwisha. Akarudishwa huku kwetu Mufindi na kofia nyekundu ya sufu, na samaki.

Nilichumbiwa kwa visiwa. Wengine walichumbiwa kwa kanga na sabuni, mimi kwa visiwa. Kitaluni alikuwa anavipanga viriba, vile vifuko vya miche, kwenye tope, kimoja huku, vitatu kule, anasema: hapa ni Kisiwa cha Kanisa, hapa Kisiwa cha Ndama, hili hapa ni Jiwe la Kikongwe, maana kwa mbali linafanana na ajuza aliyeinama. Kule Mwamba wa Mkate. Huku Rasi ya Upepo. Majina yenyewe kwa Kinorwe yalikuwa kama mtu anameza kiazi cha moto, kwa hiyo aliyageuza kwa Kiswahili. Mvua ikinyesha, tope lile linajaa maji, viriba vinabaki vimesimama katikati, na mimi na kikapu changu cha chai mgongoni naiona bahari, mimi ambaye mpaka leo bahari sijaiona.

Nyumbani nikitwanga, majina yale yalinijia yenyewe na mwendo wa mchi. Kisiwa cha Ndama, puu. Jiwe la Kikongwe, puu. Mama alikuwa akipita nyuma yangu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani nasali rozari.

Basi kijana akaleta posa. Mshenga wake alimchagua kwa akili: alikuwa Mngoni, mtani wetu sisi Wahehe, mtu ambaye akikutukana kwako unacheka na kumwongeza kinywaji. Posa ya kwanza ilipokewa vizuri. Ya pili maneno yakaanza. Mtu mmoja wa mstari wa chini alisema hakuna cha Norwe wala nini, yeye mwenyewe alimwona kijana yule Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, akipakia magunia kwenye malori, amevaa kofia nyekundu, na jioni anaingia nyumba ya mwanamke muuza vitumbua. Kofia nyekundu! Hilo ndilo lililotuua. Nani mwingine Iringa nzima alikuwa na kofia nyekundu ya sufu?

Na wakati huohuo kulikuwa na mgane mmoja wa Iyunga, kule Mbeya, mwenye mashine ya kusaga na meno mawili ya dhahabu, ambaye alishapita kwetu mara mbili na vitenge. Mashine yake ilikuwa haisimami, na yeye mwenyewe hanyamazi. Alizoea kupiga kelele ili asikike juu ya injini, sasa hata kanisani alisali kwa kelele. Baba alikuwa ananitazama mimi, anatazama vitenge.

Akatoa tamko. Jumapili baada ya misa kijana aje, yeye na mshenga wake, athibitishe mbele ya wazee kwamba huko alikosema alikaa ni mahali palipo. Pakiwapo, posa inaendelea. Pasipokuwapo, alikuwa Ipogolo kwa muuza vitumbua, na mimi naenda Iyunga kwenye mashine.

Jumapili ikafika. Wazee walikaa uani. Mimi nilipewa kazi ya kupiga magoti na kumimina ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, na kufumba mdomo.

"Kamwene," mshenga akasalimu.

"Kamwene. Karibu, mtumwa wetu," baba akajibu.

"Asanteni, wala mbwa. Naona leo hawabweki. Mmeshashiba?"

Wakacheka, maana Wangoni hututania kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa, akaketi. Mchumba wangu akafungua gunia, akatoa ushahidi wake: yule samaki. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, wa kijivu, mkavu kabisa. Baba akampokea, akamgonga kwenye kigoda. Ko, ko, ko.

"Nini hiki?"

"Samaki, baba."

Baba akampitisha kwa mdogo wake. Huyu baba yangu mdogo ndiye mtu pekee kwetu aliyewahi kukaa Dar es Salaam. Akamnusa, akamgonga na yeye, akamwangalia kwa upande kama anayetafuta kama amepinda.

"Hii ni mbao," akasema.

"Wazee, msimwonee," mshenga akadakia. "Kijana alitumwa kusomea mbao. Kama hiyo ni mbao, si amefaulu?"

"Samaki gani hana kichwa?"

"Vichwa wanavikata, baba mdogo. Vinaanikwa peke yake."

"Kwa nini?"

"Sikuuliza."

Baba akaegemeza samaki ukutani. "Tuambie huko," akasema.

Kijana akaanza. Na nawaambia, wazee wetu hawakuwa watu wa kushangaa ovyo. Aliposema kiangazi jua halizami, mzee mmoja akasema Mungu ana mambo yake. Aliposema kipupwe halichomozi, yuleyule akasema basi wanalipwa sawa. Aliposema kondoo wanapandishwa boti kwenda kisiwa cha malisho, wakasema, kwani Wasukuma hawakuleta ng'ombe zao Usangu kwa miguu kutoka mwisho wa dunia? Mfugaji ni mfugaji. Aliposema nyumba nyingine zina udongo na majani juu ya paa, mpaka mbuzi anapanda kula, baba akaguna kwa uchungu: tembe letu la zamani, kabla hatujapangwa mistari, lilikuwa hivyohivyo, na mbuzi alikuwa huyohuyo.

Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

"Sasa mahali hapo," baba mdogo akauliza, "ni kijiji, ni tarafa, ni nini?"

"Ni manispaa."

Baba mdogo akaweka kikombe chini polepole.

"Umesema?"

"Manispaa, baba mdogo. Ndivyo wanavyoita. Visiwa vyote vile pamoja ni manispaa."

"Ina watu wangapi?"

Kijana wa watu akajibu ukweli. "Si wengi. Wangeingia wote kanisani kwetu misheni, mabenchi yakabaki."

"Mabenchi yakabaki!" Baba mdogo akasimama. Inabidi niseme kwamba kazi aliyoifanya Dar es Salaam ilikuwa kufagia barabara za manispaa, na katika maisha yake hakuna jambo alilolijua kwa heshima zaidi ya hilo. "Wewe kijana, manispaa nimeifagia mimi. Kwa mikono hii. Unaanza kufagia alfajiri huku, ukifika kule mwisho, ulikotoka pameshachafuka, unarudi. Manispaa haimaliziki! Hiyo yako mimi ningeifagia nikaimaliza kabla ya chai!"

"Ni kweli ungemaliza," mchumba wangu akasema. Hakuwa mtu wa kubishana.

"Soko lipo?"

"Hakuna. Kuna duka."

"Lori la taka?"

"Hakuna. Upepo unachukua."

"Upepo." Baba mdogo akageuka kuwatazama wazee mmoja mmoja. "Wazee, mmesikia. Kazi yangu mimi inafanywa na upepo."

"Na haudai mshahara," mshenga akasema.

"Meya je? Manispaa lazima iwe na meya."

"Yupo! Ndiye mwenye lile duka. Anauza misumari na nyavu. Ukiwa na shida unaenda, anakusikiliza huku anapima misumari. Siku za sikukuu anavaa mkufu mkubwa shingoni, wa dhahabu, mpaka hapa."

"Mwanamke?"

"Mwanamume."

Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Jua lisilozama walilikubali, lakini mkufu ule uliwapa taabu.

Hapo niliona baba anaanza kukunja uso. Mtu anayekupeleka kuzimu na kukurudisha unaweza kumwamini. Mtu anayeita mahali padogo kuliko kwako manispaa, huyo anakutukana. Sisi tulikuwa wengi kuliko hao wa kisiwani, tumejaa mstari baada ya mstari, na tuliitwa kijiji, basi. Hata Iringa mjini sikusikia mtu akipaita hivyo.

"Swali la mwisho," baba mdogo akasema. Akainua kidole. "Unajua kijiji na manispaa vinatofautianaje? Vinatofautiana kwa mbwa. Kijijini mbwa ni wa mwenyewe, atembee, alale, abweke, shauri lake. Manispaa ina sheria ya mbwa. Dar es Salaam mbwa asiye na namba shingoni alikuwa anachukuliwa na watu maalumu, wamevaa viatu. Sasa niambie. Huko kwenu mbwa wanafanywa nini?"

Kijana akafungua mdomo, pakatoka hewa. Nilimwona macho yakizunguka. Alikuwa anajua! Alishaniambia! Lakini hofu ilishampanda, kichwa kikawa cheupe kama hilo jua lao.

"Labda hakuna mbwa," mshenga akamsaidia. "Labda Wahehe walishapita."

Wakacheka wote isipokuwa baba. Baba alinyoosha mkono ukutani, akamchukua yule samaki, akamwelekezea mshenga. Nyumbani kwetu zawadi ya posa ikirudi mkononi mwa mshenga, maneno yamekwisha. Mkono wa mshenga nao ukaanza kunyanyuka, taratibu, kwa sababu ungefanyaje.

Nikayasikia meno ya dhahabu yakinicheka kutoka Iyunga.

"Wanafungwa," nikasema.

Baba akageuka. Hata mimi niligeuka, kuangalia nani amesema.

"Msimu wa bata," nikaendelea, nimeshapiga magoti na sasa sina pa kwenda zaidi, "mbwa wote wanafungwa kamba. Kuna bata wa baharini, wa porini, si wa mtu. Wanakuja kutaga visiwani. Watu wanawajengea nyumba ndogondogo za mawe na mbao, wanawatandikia majani ya baharini yaliyokauka. Bata wakishaingia, hakuna kupiga kelele. Hakuna kupasua kuni. Watoto hawakimbii. Nguo nyekundu haianikwi nje. Na mbwa wanafungwa wasiwatishe. Bata akiondoka na watoto wake anaacha manyoya ya kifuani, wanayaokota, wanashonea mablanketi."

"Wanawajengea bata nyumba," mzee mmoja akarudia.

"Bata wasio wao," akasema mwingine.

"Wanafungwa kwa amri?" baba mdogo akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa amri."

"Hata mbwa wa meya?"

"Wa meya ndiye anayefungwa wa kwanza." Hilo la mwisho sijui kama niliambiwa kitaluni au lilinitoka tu.

Baba mdogo akakaa. Akachukua kikombe chake, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Hiyo ni manispaa," akasema.

Mshenga akarudisha mkono mapajani haraka, samaki akabaki kwa baba. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona baba ananitazama, na kicheko kikageuka jiwe.

"Na wewe," akasema, "umeyajulia wapi?"

Hapo sasa. Mchumba aliyekuwa bado kwenye posa hakutakiwa kuongea na binti hata salamu ndefu. Nikinyamaza, naonekana mwongo. Nikisema, naonekana vingine.

"Bata walimwambia," mshenga akasema, lakini safari hii hakucheka mtu.

Kisha sauti ya mama ikatoka jikoni, kwa mshangao mtupu, bila ubaya wowote: "Mwe! Kumbe ndiyo ile rozari ya kinuni! Kisiwa sijui cha Ndama, Jiwe sijui la nani. Baba wa watoto, mtoto huyu anayataja tangu palizi!"

Tangu palizi. Na tulikuwa tumeshavuna. Asante, mama.

"Yataje," baba akaniamuru. "Yote."

Nikayataja. Nilianzia Kisiwa cha Kanisa, nikazunguka kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Kisiwa cha Ndama. Ghuba ya Siagi. Mwamba wa Mkate. Rasi ya Upepo. Nikafika mahali pa miamba mitano midogo inayofuatana. "Halafu kusini," nikasema, "Nguruwe na Wanawe."

"Kaskazini," mchumba wangu akasema.

"Kusini."

"Nguruwe na Wanawe wako kaskazini. Mimi nilikuwa napita hapo kwa boti."

"Kaskazini ni Jiwe la Kikongwe. Wewe mwenyewe uliniambia Kikongwe amempa Nguruwe mgongo."

"Nilisema amemtazama!"

"Kumpa mgongo! Ulipanga kiriba hivi," nikaonyesha kwa kikombe cha ulanzi, "na vile vitano ukavipanga huku!"

"Huku ni kaskazini!"

"Huku ni chooni kwetu, na choo chetu kiko kusini!"

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Yeye naye alikuwa amesimama, kofia nyekundu mkononi, ananinyooshea kidole mbele ya wazee wa nyumba kumi, na wazee wanafuata kidole chake, wanafuata kikombe changu, huku, kule, huku, kule. Mmoja aliniunga mkono kuhusu choo.

Baba akaanza kutikisika mabega. Nilidhani ni hasira.

"Basi, basi," akasema. "Mahali hapo papo. Mtu hawezi kugombana na mkewe kwa ajili ya mahali pasipokuwapo."

Mshenga aliruka kutoka kwenye kigoda kama aliyeumwa na siafu.

"Amesema mkewe! Wazee! Balozi kasema mkewe! Mmesikia, wala mbwa?"

Wakasikia. Baba akafungua mdomo kulirudisha neno, lakini lilikuwa limeshatua. Ubalozi wake wote uliegemea hapo: neno lake halirudi. Alikuwa ameshawahukumu watu kwa maneno madogo kuliko hilo.

Alijaribu mlango mwingine. "Mkewe, sawa, nilisema. Lakini siwezi kumtoa binti wa kijiji kwa mtu wa manispaa. Watu watasema nimeutafuta ukubwa."

Na hapa ndipo baba mdogo alipotoa hukumu ambayo mpaka leo makondakta wanaitangaza bure.

"Kaka," akasema, "hao wana duka moja. Sisi tuna mawili, hata kama la pili limefungwa. Hao wana kanisa, sisi tuna kanisa. Hao wana boti, sisi tuna lori la maziwa linapita. Watu sisi tunawazidi. Hata mti tunao! Kama wale ni manispaa, sisi ni nini?"

Wazee wakafikiri.

"Na mimi hapo nitakuwa nani?" baba akauliza, taratibu.

"Meya."

Baba akamtazama yule samaki mkononi mwake. "Mkufu sivai," akasema.

Kwa kosa la kuzungumza kitaluni tulipewa adhabu. Mchumba wangu ajenge nyumba ya bata mbele ya uwanja wetu, kama zile za huko, ya mawe na mbao, na harusi haitafungwa mpaka bata atage ndani yake na kuangua. Baba alidhani amejipa muda wa kufikiri. Bata mmoja alinunuliwa misheni, jike, mnene, mwenye dharau. Akawekwa ndani. Akatoka. Akawekwa tena. Akatoka, akaenda kulala chini ya ghala la mahindi. Kila mtu alikuja kuangalia. Bwana shamba aliyepita alisifu mradi, akaondoka bila kuuliza ni wa nini.

Baba mdogo alijipa kazi mbili, ufagizi na mbwa. Kila mbwa wa nyumba kumi alifungwa. Watu walinung'unika, lakini akawaonyesha mbwa wa baba, aliyefungwa wa kwanza, wakanyamaza. Usiku wezi wangeweza kubeba kijiji kizima.

Dume aliazimwa misheni, na mwishowe bata aliingia mwenyewe, siku ya mvua, akataga, akalalia mayai. Na katika siku hizo ndipo mgane wa Iyunga aliposhuka kwenye basi, na kitenge cha tatu na jogoo kwapani.

"HODI HAPA!" akasema.

Baba mdogo akatokea nyuma ya mgomba, kidole mdomoni. "Ssss."

"KUNA MSIBA?"

"Kuna bata."

"KUNA NINI?"

Jogoo akawika. Bata akatoa shingo nje ya nyumba yake, akatazama. Mbwa wote kumi, kila mmoja kwenye kamba yake, wakaanza kubweka kwa pamoja, mstari wa juu mpaka wa chini. Baba akatoka ndani mbio, na nilimwona usoni: hakuwa anafikiria vitenge, hakuwa anafikiria mimi, wala mashine. Aliona sheria ya manispaa yake inavunjwa mlangoni pa meya.

"Wewe!" alimwambia, kwa mnong'ono mkali wa kutisha kuliko kelele. "Toka. Toka nje ya mipaka yangu."

"LAKINI BABA, NILIKUJA KUHUSU..."

"Mipaka yangu inaishia pale kwenye mlingoti wa simu. Simama ng'ambo ya pale ndiyo useme."

Akaenda akasimama ng'ambo ya mlingoti, akasema yote aliyokuwa nayo, na sisi huku tulimsikia kila neno, na bata pia, lakini hakuna aliyemjibu. Basi la Mbeya likaja, akapanda. Jogoo tuliachiwa.

Vifaranga walitoka. Tukaoana. Samaki alilowekwa mtoni kwa siku nyingi mpaka akalainika, na harufu ikafika Nyololo kabla ya mwaliko. Wazee walimwangalia kwenye sahani, hakuna aliyemgusa, isipokuwa mshenga wetu, aliyekula mpaka mfupa na kusema katika miti yote aliyowahi kula huo ndio mtamu.

Mume wangu nilikaa naye mpaka mvi. Kuhusu Nguruwe na Wanawe hatukupatana. Mwaka wa mwisho wa ugonjwa wake visiwa vingi vilimtoka, nikawa namtajia mimi jioni, nikizungusha mkono wa kulia, na nikifika pale kwenye miamba mitano nasema "kaskazini," ili nione. Anafumbua jicho moja.

"Ulisema kusini," ananiambia.

Hivi karibuni alikuja kijana wa serikali, ana viatu vizuri, ana ramani, akaniambia kwa heshima kwamba kibao cha kituo kitabadilishwa. "Bibi, kisheria hapa si manispaa."

Nikamuuliza, huko wanakofanya kazi, mbwa wao wanawafanya nini?

Akafunua tena ramani yake. Nikamwekea chai, nikamwomba anywe taratibu, maana bata alikuwa ndani.